Windows ya Mzee Kombe

Kompyuta iliganda kwa mara ya tatu asubuhi ile, Florence akaacha kuipigapiga ubavuni. Nje ya ofisi, pale Changamwe, dereva wa lori alikuwa akipiga honi. Alitaka karatasi za mzigo. Bila hizo lango la bandari halimfungukii.

"Mwite Ishaka," akasema Mzee Kombe, mwenye kampuni.

Ishaka fundi alifika na mkoba wake wa disketi, jasho likimtiririka. Akachapa amri zake mbili tatu kwenye kioo cheusi, mashine ikazinduka. Kisha akaanza hotuba ambayo Florence alikwisha kuihifadhi neno kwa neno.

"Mzee, ulimwengu mzima umehamia Windows, wewe bado wang'ang'ania DOS, mfumo wa kizamani! Waliokuuzia hawaishughulikii tena. Siku ikifa kabisa, wallahi, usinililie mimi."

"Si yafanya kazi? Yataka nini tena? Mwaka ujao, inshallah."

"Miaka mitatu naambiwa mwaka ujao!"

Ishaka akaondoka akitikisa kichwa, kama tabibu ambaye mgonjwa wake amekataa dawa. Florence alimwonea huruma. Mtu na ujuzi wote ule, kufungiwa kwenye takataka za zamani!

Machi ya mwaka 1998 mashine ikafa, na amri za Ishaka hazikuifufua. Wiki nzima Florence aliandika karatasi kwa taipureta. Mizigo ikalala bandarini, wateja wawili wakahama. Mzee Kombe akasalimu amri. Zikaletwa kompyuta nne mpya, Windows ndani yake.

"Haya, Ishaka," akasema. "Umeshinda. Tufundishe."

Ishaka akazizunguka, akazisifu, akasema atarudi Jumatatu.

Jumatatu mgongo ulimshika. Jumatatu ya pili alikuwa na msiba Kwale.

"Maskini," akasema Florence. "Mambo yamemwandama."

Mzee Kombe hakuweza kungoja zaidi. Akamwandikisha Florence katika chuo kidogo huko Bombolulu, darasa la wasiojua kitu.

Florence alifika amechelewa. Mwalimu akamwonyesha kiti mstari wa mbele, kompyuta moja watu wawili. Mwenzake alikuwa ameinama, kipanya amekishika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kuku asiruke, na mshale ukimkimbia huku na huku kiooni.

"Kaa, Dada Florence," akanong'ona Ishaka bila kuinua uso. "Na Mzee asijue."