Injini ya Pili

Injini ya kushoto ilikoroma kama mtu aliyekabwa koo, ikanyamaza. Boti ikapinda. Wimbi likaipiga ubavuni, na watoto wawili wakaporomoka sakafuni, mmoja juu ya mwenzake, jaketi zao za kuelea zikiwabana mashavu.

Mama yao alikuwa fundi cherehani. Mikono yake ilijua uzi na sindano, haikujua usukani. Aliukumbatia hivyo hivyo. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama maji mtungini. Sasa mvua ilikuwa imeifuta nchi kavu pande zote.

"Chiriku!" alipiga kelele kwenye redio ya mkononi. "Chiriku, injini moja imekufa!"

Chiriku alikuwa mdogo wake wa kiume. Walimbandika jina hilo tangu utotoni, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Boti ilikuwa yake, ya kuwatembeza watu na familia zao ziwani, na ndiye aliyemshawishi dada yake awatoe watoto kidogo. "Haina panga la kukata maji chini, dada. Inafyonza maji, inayatema nyuma, basi imekwenda. Tena ina injini mbili. Moja ikilala, ya pili itakufikisha nyumbani." Mwenyewe alibaki gatini akiwapungia mkono.

Redio ilikwaruza, kisha sauti ikaja.

"Taratibu, dada, utanitoboa masikio."

"Tunakufa huku!"

"Hufi leo. Suruali yangu hujaipiga pindo."

"Uko wapi wewe?"

Mkwaruzo tena. "Gatini. Niwe wapi na mvua hii? Sasa nisikilize. Hiyo iliyolala imemeza magugu ya ziwani, achana nayo. Upepo unatoka huku kwetu, kwa hiyo wimbi likikupiga usoni, ujue usoni ndiko nyumbani. Usilipe ubavu, litakupindua. Na usiachie mafuta. Boti hii bila msukumo wa maji, usukani wake ni pambo la sebuleni."

"Sawa."

"Na usigeuke nyuma. Hata uone nini. Niambie umesikia."

"Nimesikia."

Alishikilia. Kila wimbi liliinua boti mpaka akaona mawingu tu, kisha likaibwaga mpaka meno yakagongana. Binti mkubwa alikuwa amemkumbatia mdogo wake, naye mdogo alilia bila sauti, kinywa wazi. Chiriku hakunyamaza. Alisimulia alivyowahi kuanguka na keki ya harusi. Aliimba, vibaya. Mama alitamani kumtukana na kumshukuru kwa pumzi moja.

"Mjomba," yule mdogo alidakia redio, "nasikia maji huko kwako."

"Mvua hii, mpwa wangu! Hata huku gatini tunaogelea."

Ndipo injini ya pili nayo ikaanza kukohoa.

"Chiriku, na hii inakufa! Nakanyaga, haiendi!"

"Izime."

"Una wazimu?"

"Nayo imemeza magugu. Ikiendelea kuyavuta itayasokota, na hapo tumekwisha. Ukiizima, yatadondoka yenyewe. Kisha washa. Nasema izime, dada."

Alifumba macho, akazungusha ufunguo. Kimya kilichofuata kilitisha kuliko kelele. Boti ikageuka taratibu, ikalipa wimbi ubavu. Maji yakapanda ukingoni, yakamwagika ndani, yakawafika watoto kiunoni walipokaa. Binti akapiga yowe. Mama akazungusha ufunguo: ikaguna tu. Akazungusha tena, akimwita Mungu, akimwita mama yake aliye kaburini. Injini ikanguruma, maji yakaruka nyuma, na pua ya boti ikarudi usoni mwa wimbi.

Chiriku alicheka redioni, kisha akakohoa muda mrefu.

"Mbona unahema hivyo?"

"Nimekimbilia turubai. Upepo unaling'oa."

Walikuwa wamekwenda mwendo mrefu binti aliponyoosha kidole kushoto. "Mama, kuna kitu cheupe! Kama boti imelala kifudifudi!"

Mama alikodoa macho. Kitu kilionekana, kikamezwa, kikaonekana tena. Mkono wake ulianza kukata usukani. "Chiriku, tunaona kitu cheupe kushoto kwetu. Kama kuna mtu..."

Kwa mara ya kwanza Chiriku alichelewa kujibu.

"Ni mwamba huo," alisema. "Ndege wameupaka chokaa. Nyoosha."

"Mtoto anasema..."

"Dada. Una watoto wawili na injini moja iliyochoka. Ukikata kona hapo, mnapinduka wote. Ni mwamba. Naujua. Nyoosha, nakuomba."

Hakuwahi kumsikia akiomba. Akanyoosha.

Mvua ilipokonda, paa jekundu la gati lilijitokeza mbele yao. Mama akalia kwa sauti. "Tunaliona, Chiriku! Tunaliona paa!"

"Nilikwambia." Sauti yake ilikuwa ya mbali, yenye usingizi. "Ingia polepole, usivunje nguzo za watu. Wape wapwa zangu kitu cha moto."

"Utawapa mwenyewe, mlaghai wewe!"

Redio haikujibu. Akadhani betri imekwisha, au hatimaye Chiriku ameishiwa maneno.

Mlinzi wa gati aliidaka kamba, akaifunga, akawapandisha watoto mmoja mmoja na kuwafunika kwa koti lake. Mama akawafuata, akicheka na kulia.

"Mwite huyo mdogo wangu Chiriku," alisema. "Ajifiche popote, leo nitamkumbatia mpaka avunjike mbavu."

Mlinzi alichungulia ndani ya boti, kisha akatazama ziwani nyuma yake.

"Kwani hamkukutana?" aliuliza. "Dhoruba ilipoanza tu alichukua boti yetu ndogo nyeupe akawafuata. Hata redio ya gati aliondoka nayo."