Mama Hodi

"Rudi nje, ubishe hodi," Mama Hodi alimwambia msimamizi. Mimi nilikuwa koridoni nikisukuma kitoroli cha mashuka ya hoteli, nikasimama.

Msimamizi alikuwa amelifunua pazia la chumba cha kubadilishia nguo na kujitoma ndani, kama kawaida yake, wanawake wa kufua wakiwa bado wanavaa sare.

Jina la Mama Hodi tulimpa kwa utani, maana hata kabati la sabuni alilibishia hodi kabla ya kulifungua.

"Hapa ni kazini, si kwa mumeo," msimamizi akafoka. "Litamke tena hilo neno, leo ndiyo mwisho wako hapa."

"Hodi," akasema mama wa watu, taratibu. "Neno dogo tu, halina miiba."

Nikajua kazi yake imeota mbawa.

Kisha nikamsikia mpiga pasi mmoja, aliyekuwa akimcheka Mama Hodi kuliko wote: "Baba, kwani umeziba masikio? Toka ubishe!"

"Toka!" akadakia mwingine. Halafu wote.

Msimamizi akatoka kinyumenyume. Kifungo cha shati lake kikanasa kwenye pazia, akahangaika kukinasua. Aligeuka akaniona. Sikuondoka.

Akakohoa. Akaitazama njia ya ofisini kwake, akalitazama pazia.

"Hodi," akasema, kama mtu anayetema mfupa.

"Subiri hapo hapo," mpiga pasi akajibu. "Hatujamaliza kuvaa."