Dau la Kumfukuza Mzee

Jacktone alikuwa ameshika wafalme wanne, na pale nyuma ya gereji ya Langas hakuna aliyeweza kumshinda.

Wengine walikuwa wametupa karata. Alibaki yeye na jirani yake, mzee fundi wa kuchomelea. Katika poka, mtu anayeng'ang'ania hivyo huliwa pesa polepole: dau la mia mbili, kisha mia tatu, afuate bila kushtuka mpaka mfuko ukauke.

Ndipo mzee akatoa bahasha ya kaki kutoka ndani ya koti. Jacktone mwenyewe alikuwa ametia noti humo Jumapili, baada ya ibada. Ulikuwa mchango wa gari la kumpeleka marehemu mke wa mzee nyumbani Ugunja.

"Mzee, hiyo ni ya mama," alinong'ona.

"Cheza, kijana. Nataka azikwe vizuri, si hivi hivi."

Jacktone akimwachia ashinde, mzee angenogewa na kucheza tena. Akimla halafu amrudishie, angeona ametukanwa. Dau dogo lingemvuta. Labda kubwa lingemtisha atupe karata, aende zake na bahasha.

Jacktone akasukuma pesa zake zote katikati ya meza.

Kidole gumba cha mzee, chenye ukucha uliopasuka, kilipapasa ukingo wa bahasha taratibu. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

"Mwenye karata nzuri hasukumi hivyo, mtoto wangu. Unanitisha bure."

Akaichana bahasha, akamwaga noti zote juu ya zile za Jacktone.