Kitambaa Chekundu cha Ladina

Jino lilidondoka kwenye kikombe cha kahawa ya maziwa. Duri akasema, "Kunywa tu, ndiyo sukari yako."

Kisha akampiga tena, safari hii kwa nyuma ya mkono, na Ladina akaanguka kati ya jiko na benchi. Kosa lake lilikuwa soksi za Duri kutokauka. Wiki iliyopita kosa lilikuwa chumvi. Hakuna mwanaume bondeni aliyemfikia Duri kwa kuteleza kwenye theluji. Hoteli zilimlipa awafundishe wageni, na wageni walimpenda sana kwa upole wake.

Alishusha ukutani skii zake, mbao za kutelezea, akazipaka nta taratibu, mkewe bado yuko sakafuni.

"Naenda Korongo la Mbuzi kabla wengine hawajanichafulia theluji," alisema. "Nikirudi tunamalizia. Leo huinuki."

Ladina alimwamini. Miaka kumi na moja ya ndoa, Duri hakuwahi kumdanganya katika jambo hilo.

Nusu saa baadaye akaingia Luzi, mdogo wake Ladina, na ndoo ya maziwa. Luzi aliishi peke yake nyumba ya pili. Ladina ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na hata sasa, mwanaume mzima mwenye ng'ombe sita, alikuwa bado anakuja kwa dada yake kunyolewa nywele. Alimtazama mdomo.

"Nimeteleza kwenye barafu," Ladina alisema.

"Barafu ya nyumba hii ina ngumi, dada." Akaangalia misumari mitupu ukutani. "Shemeji yuko wapi?"

"Korongo la Mbuzi. Luzi, usianze."

"Nianze nini? Mimi nina kuni za kupasua." Akachukua shoka lililoegemea mlango. "Naliazima. Langu limekuwa butu."

Akambusu kwenye paji la uso, akafunga skii zake hapo nje, akaenda zake.

Saa nne kengele ya kanisa ililia mara ya kwanza. Usiku kucha theluji ilikuwa imeanguka mpaka ikafika kwenye vizingiti vya madirisha, na sasa tumbo zima la theluji lilining'inia juu ya korongo. Mzee Gion, mwenye mzinga wa baruti, alitaka kuliangusha mwenyewe kwa mshindo wake kabla halijawaangukia watu na mapaa yao.

Tangu mzinga uletwe, utaratibu wa bondeni ulikuwa mmoja. Kengele ya kwanza ikilia, nyumba yenye mtu wake huko mlimani hutundika kitambaa chekundu kwenye roshani. Kikionekana hata kimoja, mzinga haulii. Ladina alikuwa akitundika kwa niaba ya nyumba mbili, kwa sababu Luzi hakuwa na mke wa kumtundikia.

Alikitoa kitambaa kwenye saraka, akatoka nacho roshani. Kamba ilikuwa pale pale, vibanio viko pale pale. Akasimama. Damu ikamchuruzika tena kidevuni, akakikandamiza kitambaa mdomoni badala ya kukitundika, na hapo ndipo wazo lilipomjia. Alianza kwa kuogopa. Kisha akagundua jambo lililomtisha zaidi: alikuwa na furaha.

Mzee Gion alipita chini, anavuta kiko, anakagua roshani moja moja.

"Ladina! Sioni kitu hapo kwako. Wote wamo?"

"Wote wamo, mzee Gion."

"Duri yumo ndani, siku yenye theluji mpya hivi?"

"Jana alikunywa. Amelala."

Mzee akacheka. "Na yule dogo?"

"Anapasua kuni."

"Huo mdomo umefanyaje?"

"Jino."

"Pole, mama. Weka karafuu."

Akaenda. Ladina alibaki amekaa kwenye baridi, kitambaa mdomoni. Alikuwa na nafasi ya kumwita mpaka mzee alipofika kanisani, na hakumwita.

Kengele ya pili ililia. Kisha mzinga.

Vioo vilitetemeka na ng'ombe wakalia zizini. Baadaye mlima ukaja, si kwa kishindo kimoja bali kwa ngurumo ndefu, inayovunja misonobari njiani na kuisaga. Wingu jeupe lilipanda kutoka korongoni likafunika jua. Lilipotulia hapakuwa na korongo tena.

Ladina aliingia ndani, akanawa uso, akalitupa jino jikoni likaungua na kuni. Akabandika supu ya shayiri. Akaweka mezani bakuli mbili, moja yake, moja ya Luzi, na akajikuta anaimba.

Mlango ukafunguliwa.

Duri alikuwa na theluji mpaka kiunoni na shavu limepasuka kutoka sikioni mpaka kidevuni. Ladina alirudi nyuma, akashika kisu cha mkate, na safari hii alikuwa tayari kukitumia. Lakini Duri hakumtazama hata kidogo. Aliketi kwenye benchi.

"Nimepitia msituni," alisema. "Huyo mdogo wako ni mwendawazimu. Kanifuata mpaka korongoni na shoka. Tazama alivyonifanya."

Supu ikaanza kuchemka.

"Kengele ilipolia nikampigia kelele, nikamwambia tushuke, tutauana siku nyingine. Akaketi kwenye theluji, katikati ya njia, ananicheka. Eti mimi niende zangu kama naogopa mzinga. Yeye dada yake yuko nyumbani, na hajawahi kusahau kitambaa."