Jina Jipya la Joka

Joka la Mahfudhi lenye mabawa manne halikuwahi kushindwa na kirukacho chochote katika kibanda kile cha gemu. Salha, mtalaka wake, aliketi kando yake akachukua pedi ya kuchezea, wala hakumsalimu.

"Umekosa kazi nyumbani?" Mahfudhi aliuliza.

"Cheza."

Joka lilishuka toka mawinguni likitema moto. Popo mdogo wa Salha alilikwepa, akaligandisha mabawa kwa pumzi ya barafu, nalo likaanguka puu.

Sheria ya pale ilijulikana: mshindi hulibandika jina jipya dude la aliyeshindwa, na aliyeshindwa hulisoma jina hilo kwa sauti, la sivyo hakanyagi tena hapo. Watu walingoja tusi. Salha aliandika polepole, herufi moja moja, jina la mtoto ambaye Mahfudhi alimkana mbele ya kadhi: Zulekha binti Mahfudhi.

"Soma," alisema.

Mahfudhi alilamba midomo. Kwenye kioo joka lilikuwa limeinuka tena, likipiga mabawa yake manne palepale, likingoja kuitwa.