Shimo Moja Kwenye Ngozi

Afisa alitia kidole kwenye lile shimo, akauliza, "Na huyu ni nani?"

Mkalimani wake, kijana aliyevaa kofia iliyoshuka mpaka kwenye nyusi, aliligeuza swali kwa Kisomali. Wanawake wa kijiji cha seng'enge wakasogeleana. Kaaha, mwenye ngozi, akatazama vidole vya miguu yake.

Ilikuwa ngozi ya ngamia, pana kama mlango, imewambwa kwenye fito. Kaaha alianza kuipaka walipofungiwa hapo na serikali, nje ya mji wa Garissa, mwaka ule wa sitini na saba, watu na mifugo ndani ya waya mmoja ili mashifta, waasi wa msituni, wakose maziwa na habari. Alichemsha gundi ya mgunga, akaichanganya na majivu, mkaa na udongo mwekundu, akaikandika tabaka juu ya tabaka mpaka ikavimba. Hakuchora macho wala midomo, maana sura ya mtu si ya kuchorwa. Kila mtu wa nyumba yake alikuwa uvimbe wa rangi, na ukiupapasa unamjua: marehemu mumewe mgumu wa mikwaruzo, binti yake Lul laini, wajukuu wawili wadogo kama punje za mtama.

Wanawake wengine walipoona, wakaja na vikombe vya udongo. "Nami niwekee wangu." Sadiyo, mjane kutoka Bura, aliwekewa wanne, mume na mabinti watatu, wote wameshazikwa.

"Nikiwapapasa," Sadiyo alisema, "nakumbuka kwamba hata mimi nilikuwa na kwetu."

Penye nyumba ya Kaaha, kando ya uvimbe wa Lul, ndipo palipobaki lile shimo, limebonyezwa kwa kidole gumba, halina rangi.

Hakuna aliyemwuliza. Walikuwepo siku ya kuandikishwa, karani aliposema, "Mama, una watoto wa kiume?" na Kaaha akajibu, "Sina!" kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa mstari. Lul alimtazama mamake kama aliyepigwa kofi. Wanawake wengine wakaona wameelewa. Kaaha alikuwa ametoka mbali, upande wa Eldas, hakuna aliyeijua nyumba yake, lakini kwao mama angemkana mwana kwa sababu moja tu: yuko msituni na bunduki.

Tangu siku hiyo foleni ya maji ilimpisha. "Pita, mama wa shujaa," walimnong'oneza. Kaaha alipita, na ndoo ilimlemea kabla haijatiwa maji.

"Abaayo," Sadiyo alimwambia siku moja, kama dada kwa dada, "mtie rangi kidogo tu. Mungu anajua kwa nini ulimkana."

"Anajua," Kaaha alisema. "Ndiyo maana nashindwa."

Sasa afisa alikuwa amesimama mbele ya ngozi. Mwanzo alidhani ni ramani ya visima. Alipoelezwa kuwa ni watu, akaitisha daftari la kijiji, akahesabu uvimbe mmoja mmoja.

"Daftari linasema nyumba hii haina mwana," alisema. "Ngozi inasema kuna mtu ameachiwa nafasi. Mtu wa kuachiwa nafasi ni shifta. Nataka mama yake. Lori lile pale."

Kila mmoja alilijua lori lile. Wiki iliyopita lilimchukua Maka wa Masalani kwa sababu ya mwanawe, na Maka hakurudi.

Mkalimani alifasiri. Wanawake wote aliwaita eedo, kama kijana wa adabu anavyowaita shangazi zake. Ila kwa Kaaha hakutumia jina lolote.

"Mwana wako yuko msituni?" alimwuliza.

Kaaha alifungua mdomo. Neno moja lingetosha. Nyuma yake walisimama wanawake arobaini waliomkinga kwa miezi, na yeye akajiona amesimama uchi mbele yao. Akaufunga mdomo.

"Huyo wangu," Sadiyo alisema, akajisogeza mbele. "Kwangu kumejaa, nikamwomba Kaaha nafasi kwake."

"Sadiyo! Una wazimu?" mwanamke mmoja alimvuta nguo.

"Niache. Nina ngamia mimi? Nina mtoto? Watanichukulia nini, ndara?"

Wawili watatu wakacheka, kicheko cha kuogopa. Afisa akataka kujua walichochekea. Mkalimani hakumfasiria. Alikuwa bado anamtazama Kaaha.

"Anasema kweli?" alimwuliza tena, polepole zaidi. "Sema wewe. Ukisema, nitamfasiria afisa neno kwa neno."

"Kweli," Kaaha alisema. "Ni wa Sadiyo."

Mkalimani akamgeukia afisa, akafasiri.

Askari wawili walimfunga Sadiyo mikono kwa kamba. Alipopita karibu na Kaaha alimkonyeza, kama wasichana wanavyokonyezana wakimficha mama siri. Kaaha alitamani ardhi imfunike. Mguu ulinyanyuka kumfuata, ukarudi mahali pake.

Penye lori Sadiyo aligoma kupanda. Akamkabili mkalimani, akapaza sauti kijiji kizima kisikie.

"Lugha yetu unayo. Swala yetu unaijua. Halafu unawapakia mama za watu kama mbuzi wa mnada! Wewe kijana, huna mama?"

Mkalimani alimgeukia Kaaha, akangoja.

Kaaha akavuta mtandio, akajifunika uso, na mwanawe akaishusha kofia yake, akapanda lori.