Nyundo ya Vasanti

Siku hizi serikali haimwachi mhandisi mashuhuri afe kabisa. Ndiyo maana nakala ya mashine ya marehemu Vasanti, mwanamke wa kwanza wa Kihindi kujenga madaraja nchini, ilikuwa inakunywa chai kwa bintiye Hansa, ikichekacheka kama mgombea ubunge.

"Jana niliidhinisha daraja jipya, mwanangu. Waziri kafurahi!"

"Uligonga nguzo?"

"Ya nini kugonga? Karatasi zilikuwa safi."

Hansa akasonya. Vasanti mwenyewe alikuwa hatii saini mpaka agonge kila nguzo kwa nyundo na kutega sikio asikie kama ina ufa, mawaziri watake wasitake. Akakiwekea kinyago kile cha mashine nyundo ya mama yake mezani.

"Nzuri hii," nakala ikasema. "Ya kuvunjia nazi?"

Nje basi la shule likapiga honi. Leo lingepitia daraja jipya. Hansa akaushika mkoba wa mwanawe aliyekuwa akielekea mlangoni, asiuachie.